Baada ya Salamu

Kuna watu ukiwapa ufunguo wa choo tu, kesho yake wanajiita wenye nyumba. Faustin alikuwa wa namna hiyo, na Levina alimsoma tangu wiki ya kwanza. Alikuwa mkuu wa chumba cha kompyuta katika kituo kimoja cha utafiti wa afya pale Ifakara, na kazi yake kubwa, kwa kadiri Levina alivyoweza kuiona, ilikuwa kuwafungulia wageni mlango, kusimama chini ya kiyoyozi na kusema, "Karibuni kwenye ubongo wa kituo." Akiulizwa huo ubongo unafanyaje kazi, alikohoa kidogo akamwita Levina.

Ubongo wenyewe ulikuwa programu ya kuhesabu watu wa bondeni: nani kazaliwa, nani kafa, nani kahama. Walioielewa walikuwa wawili tu, Levina na Mwalimu Fulgensi.

Na huyo Fulgensi naye alikuwa kesi nyingine. Alifundisha shule za msingi upande wa Mahenge mpaka akastaafu, akaja kituoni kuingiza fomu kwenye kompyuta, akajifunza kuandika programu akiwa na mvi kichwa kizima. Kwa hilo Levina angemvulia kofia, kama mzee angejua kufunga mdomo. Hakujua. Alikungoja mlangoni asubuhi akuulize umeamkaje, nyumbani hawajambo, yule mtoto wa jirani aliyeumwa amepona, na mama yako wa ng'ambo ya mto je. Levina alijibu "hajambo" huku anapita, na nyuma yake mzee bado anauliza. Tena alijipenda vibaya. Aliamini tangu Mungu aumbe Wapogoro hakuwahi kutokea aliyeandika Kiswahili kama yeye, na hakukosa mahali pa kukuthibitishia.

Mahali alipapata ndani ya kompyuta. Kila mmoja wao alipobadilisha kitu kwenye ile programu, kompyuta ilitunza toleo jipya bila kutupa la zamani, na ilimtaka aandike maelezo: amebadilisha nini na kwa nini. Maelezo hayo yalijitokeza kwenye ukurasa mmoja wa tovuti ya ndani ya kituo, yamepangwa kwa tarehe, jina la mwandishi pembeni, na yeyote mwenye kompyuta pale aliweza kuufungua. Kila Jumatatu ukurasa ulichapwa. Karatasi zikapanda gari mpaka mtoni, zikavuka kwa pantoni, zikamfikia mdodosaji wa Lupiro aliyepita nyumba kwa nyumba na fomu zake. Wadodosaji wa upande huu walikuja ofisini wenyewe na kuelezwa kwa mdomo. Yule wa ng'ambo alitegemea karatasi.

Levina aliandika maelezo kama mtu mwenye kazi. "Nimerekebisha hesabu ya umri." Nukta, kwaheri. Fulgensi aliandika barua.

"Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa wenzangu katika kazi, ni matumaini yangu kwamba maneno haya machache yatawakuta mkiwa wazima wa afya, kama nami nilivyo mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo mwaka huu limenionea sana." Hapo ndiyo kwanza ameketi. Zikafuata habari za mvua, za mpunga, za padri mpya, za ndugu aliyetoka Masagati na mzigo wa viazi. Mtu alitoa jasho na kiyoyozi kinanguruma. Mwisho kabisa, umeshakata tamaa, ndipo ukakuta, "Baada ya salamu, nawajulisha kuwa nimeondoa kosa kwenye tarehe ya kuzaliwa." Yote yale kwa ajili ya tarehe ya kuzaliwa. Mwezi wa kwanza Levina alisoma akacheka. Wa pili alisoma akaudhika. Kuanzia wa tatu hakusoma tena.

Basi ikawa mwisho wa mwaka tisini na saba, Faustin akaingia na mawazo. Mawazo yalimjia kila alipopata semina. Safari hii alikuwa ameona huko Morogoro kurasa za watu zinazometameta, akataka na ule wa maelezo upambwe, maana wafadhili walikuwa wanakuja. Alitaka picha ya mpunga nyuma ya maandishi. Alitaka jina lake juu kabisa kwa rangi ya bluu, na neno MPYA liwe linawaka na kuzimika kama taa ya baa. Levina alimwekea vyote bila kubisha. Ukiona mtu anataka kujipaka rangi usoni, mpe kopo. Picha ya mpunga ilifanya maandishi yasisomeke hata kidogo, Faustin akasema ndiyo teknolojia.

Lakini ukurasa ukichapwa ulikula karatasi, na Faustin akalalamika kwamba utepe wa printa unakwisha kwa salamu za mwalimu. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, yeye na Levina walikubaliana jambo. Levina akafungua ile programu ndogo iliyochora ukurasa, akaongeza amri moja: kila maelezo yaonyeshwe mpaka nukta ya kwanza, yaliyobaki yafichwe. Hayakufutwa. Yalikaa salama ndani ya kompyuta, ila ukurasani hayakutokea. Ilikuwa kazi ya kabla ya chai.

Matokeo yake yakawa haya. Kwenye mstari wa Levina: "Nimerekebisha hesabu ya umri." Kwenye mstari wa Fulgensi: "Tumsifu Yesu Kristo." Unaofuata, wa Fulgensi tena: "Tumsifu Yesu Kristo." Na chini yake, na chini yake tena, kama watu wamepanga foleni ya kitubio. Faustin alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku ile akawa anamwita mzee "paroko" mbele ya wageni, na Levina, ambaye kwa kawaida utani wa Faustin ulimtia kichefuchefu, huo mmoja aliufurahia.

Alimwendea mzee kwa heshima zote. "Shikamoo, mwalimu. Nilikuwa naomba, maelezo yako uanze na jambo lenyewe. Ukurasa sasa unaonyesha sentensi ya kwanza tu."

"Marahaba, mwanangu. Hivi wewe ukifika kwa watu unaanza na hodi, au unaanza na shida?"

"Hii ni kompyuta, mwalimu."

"Inasomwa na kompyuta mwenzake?" Akavua miwani, na Levina akajua amekwisha. Akahubiriwa kwamba barua ni nusu ya kuonana, kwamba yeye alipokuwa Mahenge hata barua ya kumfukuza mtoto shule aliianza kwa kuwajulia hali wazazi, kwamba vijana wa siku hizi wanaongea kama wanaopiga simu ya upepo. Hakusema atabadilika. Alisema, "Aliyekata ataunga mwenyewe," akarudi kwenye meza yake akiwa ameridhika na nafsi yake mno. Levina aliondoka akiapa kwamba hata mzee aandike Injili nzima, yeye ataonyesha mstari mmoja.

Sasa, huyo mdodosaji wa Lupiro hakuwa mtu baki. Alikuwa Balbina, mdogo wa marehemu mama yake Levina, aliyemchukua akiwa bado anapoteza meno ya utoto, akamlea, akamsomesha kwa mpunga na samaki mpaka Levina akaenda Dar es Salaam kujifunza hizo kompyuta zilizompa kiburi. Levina alimwita mama, na hakuwa na mama mwingine.

Mwaka ule mvua zilikuwa zile za El Niño ambazo watu bado wanazitaja kwa kushusha sauti. Mto ulitapakaa bonde zima. Pantoni ilisimama, ikafanya kazi, ikasimama. Mpunga wa Balbina ulizama wote, na mwezi wa pili nyumba yake ya matofali mabichi ikaanguka ukuta hadi ukuta, akahamia kwenye banda la jirani na mafaili yake ya fomu kayafunga ndani ya nailoni. Kilichokuwa kimebaki kumlisha yeye na wajukuu ni ile kazi ya udodosaji, hakuna kingine.

Habari za nyumba zilimfikia Levina. Alisema atavuka. Pantoni ilipokuwa imesimama alikuwa na sababu nzuri, na iliporudi kufanya kazi kila Jumamosi ikaja na sababu yake: mara nywele, mara kuna harusi Mlabani, mara barabara ina matope. Alikuwa na viatu vizuri, na matope hayapendi viatu vizuri. Hata salamu hakutuma, maana mtu hatumi salamu mahali anapokwenda mwenyewe kesho, na Levina siku zote alikuwa anakwenda kesho.

Mwezi wa sita, maji yamekwisha kurudi mtoni, hesabu za msimu zikatoka, na Faustin akaingia chumbani amebeba karatasi mikono miwili, uso umemng'aa. Watu wa aina yake hung'aa hivyo wakimpata mkosaji aliye mdogo kuliko wao.

"Nusu ya Lupiro imehama," akasema. "Kwa mujibu wa mdodosaji wetu. Kaya kwa kaya. Watu wenye mashamba, wenye makaburi ya babu zao, wote wamehama. Unajua maana yake? Alikaa barazani, akajaza fomu kwa kukisia, kwa sababu aliogopa maji. Nimeshaongea na afisa utumishi. Alhamisi anaitwa, na Alhamisi anaondoka."

"Ni mama yangu yule," Levina alisema.

"Ndiyo maana nakwambia mapema." Alisema hivyo kwa huruma kabisa, na huruma yake ilikuwa inanuka.

Levina alimjua Balbina. Mwanamke yule angevuka maji ya kiunoni kwenda kuuliza kama mtoto wa mtu ameota jino. Alipotoka Faustin, Levina alifungua programu na kuanza kutafuta ni kitu gani kimewahamisha watu wa Lupiro, na hakuchukua muda. Katikati ya mwezi wa tatu Fulgensi alikuwa amebadilisha kitu. Levina akafungua maelezo yake kamili kule yalikotunzwa, akaona yanaanza na Tumsifu Yesu Kristo, akaona yalivyo marefu, na kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kusikiliza habari za goti, akaiamuru kompyuta itafute maneno "Baada ya salamu" na imrushe moja kwa moja hapo.

"Baada ya salamu, kuanzia sasa namba nne ni ya mtu aliyehama moja kwa moja. Aliyekwenda kulala dunguni kulinda mpunga aandikiwe namba saba, maana namba nne ikirudiwa raundi mbili programu itamtoa kwenye hesabu."

Kila mtu wa bonde lile anajua kwamba masika ikiingia kaya zinahamia mashambani, zinajenga dungu la miti juu ya mpunga, zinalala huko na watoto na kuku zikifukuza ndege na nguruwe mpaka mavuno. Miaka yote wadodosaji waliwaandika watu hao namba nne, "hayupo," na programu ikaelewa. Sasa programu imebadilishwa iache kuelewa hivyo. Wadodosaji wa Ifakara waliambiwa barazani. Balbina alitumiwa karatasi, na karatasi ya wiki ile, Levina aliikumbuka vizuri, mstari wake wa pekee kutoka kwa Fulgensi ulisema: "Tumsifu Yesu Kristo."

Alikaa akiitazama skrini. Kosa la nani hapo? Alimlaani Fulgensi kwanza. Mtu mzima ana taarifa ya maana namna ile anaifunika na mablanketi ya salamu. Akamlaani Faustin na utepe wake wa printa. Alipomaliza hao wawili alibaki mmoja, na huyo hakumlaani. Angeweza kwenda kwa afisa utumishi jioni ile akasema, niliuficha ujumbe mimi. Lakini Faustin alikuwa anaondoka kwenda masomoni, kiti chake kilikuwa kinatafuta mtu, na Levina hakuona sababu ya kwenda kujichongea kwa jambo ambalo angeweza kulitengeneza kwa vidole vyake.

Akalitengeneza. Aliiondoa amri ya kukata kwenye nukta ya kwanza na kuweka nyingine: ukikuta maneno "Baada ya salamu," ruka kila kilichotangulia, anza kuonyesha hapo. Ilikuwa amri safi, alijivunia. Mzee na ukaidi wake wote, miaka nenda rudi, hajawahi kusahau kuandika maneno hayo hata mara moja, kwa hiyo kisu kilipita pale pale kila mara. Na kwa kuwa ukurasa unachorwa upya kila unapofunguliwa, maelezo yote ya Fulgensi, mpaka ya mwaka juzi, yakageuka mafupi na yanayoeleweka. Kumbe yalikuwa ya maana, jambo lililomuudhi kidogo. Alhamisi, Levina aliwaza, Faustin ataufungua ukurasa, ataona namba zilibadilishwa katikati ya msimu, ataelewa mama alifuata utaratibu wa zamani, yataisha. Nani atauliza ukurasa ulikuwa na sura gani mwezi wa tatu?

Akili nyingi huondoa maarifa, wamesema waliotutangulia.

Alhamisi Balbina alikuja na pantoni ya kwanza. Aliingia chumba cha mikutano na kikapu chake, amejifunga khanga iliyofuliwa mpaka maua yamefifia, amekonda. Alisalimia mmoja mmoja, kwa zamu, bila haraka. Bwana Raimundi, afisa utumishi, mtu mzito aliyependa mambo yaishe, alimjibu vizuri. Fulgensi alisimama kabisa kumpokea mkono. Faustin alisema, "Ee, kaa." Levina alisema, "Shikamoo, mama," Balbina akaitikia "marahaba" kama anavyoitikia mtu yeyote, akakaa upande wa pili wa meza.

Raimundi alimsomea shitaka. Balbina alisikiliza.

"Niliwaandika namba nne kwa sababu walikuwa madunguni," alisema. "Ndivyo tulivyofundishwa. Wengine niliwafuata huko huko kwa mtumbwi, nikawaona kwa macho, nikawaandika hawako nyumbani. Sikuambiwa kama namba imebadilika."

Faustin alikuwa anangoja hapo. Akatoa karatasi aliyoichapa asubuhi ile, yenye jina lake kwa juu. "Huu ukurasa niliutengeneza mimi mwenyewe," alimwambia Raimundi, "ili pasiwe na visingizio. Tazama. Mwezi wa tatu. 'Kuanzia sasa namba nne ni ya mtu aliyehama moja kwa moja.' Mstari mmoja, mtoto wa darasa la pili anausoma. Karatasi ya wiki hiyo ilimfikia?"

"Ilinifikia," Balbina alisema.

"Basi aliambiwa, akapuuza."

Ndipo Levina alipoona alichokifanya. Mpaka dakika ile mama yake alikuwa na utetezi mmoja duniani, kwamba hakuambiwa, na yeye Levina, kwa amri yake safi, alikuwa ameufuta na kuandika mahali pake kwamba aliambiwa. Alikuwa amemtengenezea Faustin ushahidi. Alijaribu kusema kitu, kikatoka chembamba: labda karatasi ililowa.

"Haikulowa," Balbina alisema bila kumtazama. "Ilikuwa imeandikwa 'Tumsifu Yesu Kristo,' basi. Nikaitikia 'Milele amina,' nikaenda kazini. Na zilizotangulia zilikuwa hivyo hivyo, tangu mwanzo wa mvua."

"Iko wapi hiyo karatasi?" Faustin aliuliza, kana kwamba si yeye aliyeicheka foleni ile mpaka akashika meza.

"Nyumba yangu ilianguka, baba. Kuni zilikuwa mbichi. Niliwashia moto."

Faustin alimgeukia Raimundi, akafungua viganja kama mtu anayesema, mnaona wenyewe. Raimundi alishusha pumzi, akachukua kalamu. Levina aliitazama ile kalamu. Alijua sentensi moja tu inatosha kuizuia, na sentensi ilikuwa mdomoni mwake, na mdomo haukufunguka.

"Naomba niione," Fulgensi alisema.

Alipewa ukurasa. Akatafuta miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, huku Faustin akitazama saa. Mzee alisoma kwa utulivu wa kukera, juu hadi chini, kisha akaurudisha mezani kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa chakula cha jana.

"Maneno ni yangu," alisema. "Lakini huyu si mimi. Mimi toka nizaliwe sijamwambia mtu jambo kabla ya kumsalimu. Hata mbwa wa jirani simfukuzi hivi. Ukurasa huu mzima nimeingia nyumba za watu bila hodi. Kuna mtu ameushika."

Faustin alisema hayo ni mambo ya kizee. Ila Raimundi alikuwa ameweka kalamu chini. "Hapana," alisema polepole. "Hapo mwalimu anasema kweli. Ninazo barua zake za kuomba likizo. Mpaka nifike kwenye likizo nimeshajua habari za ukoo wake wote. Hii haijaandikwa na mwalimu ikabaki hivi." Akamtazama Faustin. "Ukurasa umesema ni wako. Salamu zake zimekwenda wapi?"

Ungemwona Faustin wakati ule ungemhurumia, kama ungekuwa mtu wa huruma za bure. Jina lake la bluu lilikuwa pale pale juu ya karatasi, akaweka kiganja juu yake. "Kwa kweli mambo ya ndani ya ukurasa," alisema, "hayo anayajua Levina."

Wakamgeukia wote. Raimundi akafungua mdomo kuuliza, lakini Balbina alimtangulia.

"Levina. Karatasi iliyokuja Lupiro ilikuwa na maneno haya?"

Hakuna mahali pa kujificha mbele ya mtu aliyekuogesha. "Hapana, mama," Levina alisema. "Yalikuwa yamefichwa. Niliyaficha mimi, mwanzoni mwa mvua. Haya nimeyaweka juzi."

Raimundi alilikunja lile shitaka mara mbili na kulitia mfukoni. Alimwambia Balbina arudi kazini kwake, na kwamba watu wa Lupiro watarudishwa kwenye hesabu. Kwa Faustin na Levina alisema wataongea baadaye, kwa sauti ambayo haikuwaacha na hamu ya kufika huko baadaye. Kwake yalikuwa yamekwisha. Balbina hakuinuka.

"Nilikuwa naomba kitu kimoja," alisema. "Nisomewe ilivyoandikwa yote. Kama ilikuwa yangu, sijaisoma."

Levina alikwenda kwenye kompyuta ya pembeni. Aliiondoa amri yake ya pili kama alivyoiondoa ya kwanza, akafungua ukurasa, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze maelezo yakatokea kama yalivyoandikwa. Akayachapa. Hakuyasoma, printa ilikuwa inayatoa na Fulgensi amekwisha kunyoosha mkono. Mzee alisimama, maana barua ya watu husomwa wima.

"Tumsifu Yesu Kristo. Wapendwa wenzangu, na hasa wewe mama Balbina wa ng'ambo ambaye maji yamekuzingira. Tumepata habari za kuanguka kwa nyumba yako. Pole sana, mama. Nyumba hujengwa tena, shukuru Mungu hapakuwa na mtu ndani. Hapa ofisini unakumbukwa. Kila asubuhi, kabla hatujawasha mashine, namuuliza binti yako Levina habari zako. Yeye ni mzima, ila kazi zimembana mno. Anakusalimu sana. Anasema maji yakipungua tu atavuka aje akuone, na habari ya mabati usihangaike nayo, ataishughulikia yeye. Kama ilivyo desturi yangu, wiki ijayo nitakuletea tena salamu zake. Baada ya salamu..."

"Inatosha, mwalimu," Balbina alisema.

Fulgensi akashusha karatasi. Pengine ni mara ya kwanza kunyamazishwa na kutii. Printa nayo ilikuwa inaendelea kutoa karatasi kwenye pembe, moja baada ya nyingine, za mwezi wa pili, za mwezi wa kwanza, na Levina aliona jina lake linapita humo na la mama yake linapita humo, wiki baada ya wiki.

Balbina alimtazama sasa. Alimtazama sawasawa, kama alivyokuwa akimtazama zamani akitafuta homa.

"Ulisema hivyo? Mabati, na kuvuka?"

Fulgensi alikuwa anatikisa kichwa kidogo nyuma yake, anamwashiria Levina aseme ndiyo. Lilikuwa neno moja tu, na mzee alikuwa amemwandalia kila kitu kasoro hilo.

"Sikusema, mama," Levina alisema. "Sikuwahi kutuma salamu."

Balbina aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitegemea. Alichukua ile karatasi mkononi mwa Fulgensi, akaikunja vizuri, akaiweka kikapuni chini ya fomu. "Ahsante kwa salamu zako, mwalimu," alisema. Akamuaga Raimundi, akamuaga hata Faustin, akajitwisha kikapu chake. Levina aliinuka haraka, akavuta kiti nyuma, akasema ngoja nikusindikize mpaka kwenye pantoni.

"Kaa, mwanangu," Balbina alisema. "Nimesikia kazi zimekubana."